Uyoga wa Lingzhi: Matumizi Yake ya Kale na Faida Zake kwa Afya



Kwa muda sasa tumekuwa tukiulizwa kuhusu uyoga unaouzwa katika miji yetu kwa sura nyingi: kahawa ya unga katika vipakiti, kapsuli ndani ya kopo, majani ya chai, hata dawa ya meno na sabuni. Jina linaloandikwa kwenye maboksi huwa Ganoderma, au Reishi, au Lingzhi. Wanaouza mara nyingi ni watu tunaowafahamu: jirani, mwalimu, mwanajumuiya mwenzetu aliyejiunga na biashara ya mtandao na sasa anatafuta wateja wake wa kwanza. Kwanza unakaribishwa kikombe cha bure. Kisha hufuata orodha ya magonjwa: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, tezi dume, ugumba, saratani, wakati mwingine hata Ukimwi.

Swali tunaloulizwa lina sehemu mbili. Je, uyoga huu unatibu kweli? Na je, Mkristo anaruhusiwa kuutumia, maana inasemekana umetoka katika dini za Kichina? Tutajibu yote mawili, ila la kwanza litachukua nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndilo linalogusa uhai wa watu.

Tuseme mapema tunakoelekea. Uyoga huu una historia ndefu na ya heshima. Ndani yake mna kemikali ambazo wanasayansi wanazichunguza kwa bidii, na huenda ukamsaidia mtu aliyechoka ajisikie nafuu kidogo. Lakini hakuna ugonjwa ambao umethibitishwa kuuponya. Mgonjwa anayeacha dawa zake za kliniki kwa ajili ya uyoga huu anahatarisha maisha yake, na anayemshauri aziache anabeba sehemu ya mzigo huo.

Ni uyoga gani huu?

Sisi tuliokulia vijijini tunajua uyoga wa kula: ule mkubwa unaochomoza kwenye vichuguu mvua zikianza, au ule wa njano wa kwenye miombo unaouzwa kwa mafungu kando ya barabara. Lingzhi si wa jamii hiyo. Ni mgumu kama ubao. Huota ubavuni mwa shina au kwenye kisiki cha mti unaokufa au uliokwisha kufa, ukiwa na umbo la figo au kipepeo cha mkono, na juu unang'aa kwa rangi nyekundu ya kahawia kama meza iliyopigwa vanishi. Chini yake ni mweupe au rangi ya maziwa, wenye matundu madogo sana ambamo hutoka vumbi la mbegu zake. Mng'ao huo ndio uliompa jina la kisayansi: Ganoderma limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mng'ao na ngozi. Aliyelipa kundi hilo jina hilo mwaka 1881 alikuwa Petter Karsten, mtaalamu wa uyoga kutoka Finland.

Wachina huuita lingzhi, Wajapani reishi. Kwa miaka mingi vitabu viliuita Ganoderma lucidum, jina la uyoga ulioelezwa kwanza Uingereza mwaka 1781. Baadaye wataalamu waligundua kwamba uyoga wa Uingereza na ule unaolimwa China si kitu kimoja, na mwaka 2012 ule wa China ukapewa jina lake wenyewe, Ganoderma lingzhi. Tunalitaja hili kwa sababu lina matokeo kwetu. Ndugu wa uyoga huu wapo pia Afrika Mashariki, na huenda umewaona kwenye visiki. Kundi hili lina aina nyingi zinazofanana kwa macho na kutofautiana kwa kemikali. Kwa hiyo anayebandua uyoga mgumu kwenye mwembe wake na kuusaga, akiamini amepata dawa ya Wachina bure, hajui anachokunywa.

Uyoga huu hauliwi kama mboga. Hata ukiupika kutwa nzima haulainiki. Njia ya kale ni kuukausha, kuukata vipande vyembamba na kuuchemsha kwa moto mdogo kwa saa kadhaa mpaka maji yawe meusi na machungu. Wengine huuloweka katika pombe kali kwa majuma. Uchungu wake ni mkali, nao unatokana na zile kemikali zinazosifiwa. Basi mtu akikupa kahawa ya uyoga tamu isiyo na dalili yoyote ya uchungu, una haki ya kujiuliza uyoga wenyewe uko wapi.

Wachina wa kale walisema nini

Wauzaji hupenda kusema kwamba uyoga huu umetumika kwa miaka 4,000. Maandishi hayafiki huko. Kitabu cha zamani zaidi cha dawa za China kinachoutaja, kiitwacho Shennong Bencao Jing, kilikusanywa karibu na mwisho wa utawala wa Han ya Mashariki, yaani yapata miaka 1,800 hadi 2,000 iliyopita. Hiyo tayari ni miaka mingi, haihitaji kuongezwa chumvi.

Kitabu hicho kinapanga dawa 365 katika madaraja matatu. Daraja la chini lina dawa kali za kutibu maradhi, ambazo hazifai kutumiwa kwa muda mrefu. Daraja la juu lina dawa 120 za kuujenga mwili, ambazo mtu anaweza kutumia muda mrefu bila madhara. Zhi, jina la kale la uyoga huu na jamaa zake, umewekwa daraja la juu, tena kwa rangi sita: nyekundu, nyeusi, kijani, nyeupe, njano na zambarau. Kila rangi iliambatanishwa na kiungo. Nyekundu ilikuwa ya moyo, nyeusi ya figo, nyeupe ya mapafu, kijani ya ini na njano ya wengu. Msomaji makini ataona kwamba mpango huu unafuata falsafa ya Wachina kuhusu rangi na viungo kuliko kumbukumbu za wagonjwa waliopona. Hatusemi hivyo kwa dharau. Hata tiba ya Ulaya kwa karne nyingi ilijengwa juu ya mpango wa aina hiyo wa majimaji manne ya mwili.

Katika karne ya nne Ge Hong, mwandishi wa Kitao, aliandika kwamba zhi ni za namna tano: za mawe, za miti, za majani, za nyama na za uyoga. Anaeleza pia siku njema za kuzitafuta milimani na hirizi za kujikinga njiani. Yaani neno zhi kwa watu wa kale halikuwa lazima uyoga tunaouona leo ndani ya kopo. Lilikuwa jina la vitu vingi vya ajabu vilivyodhaniwa kurefusha maisha, vingine vya kweli na vingine vya kubuni tu.

Wafalme nao waliupenda. Mwaka 109 kabla ya Kristo, zhi yenye mabua tisa ilionekana katika kasri la Ganquan la mfalme Wu wa Han. Ilichukuliwa kuwa ishara njema kiasi kwamba mfalme alitangaza msamaha kwa wafungwa. Uyoga huu umechongwa kwenye majumba ya kifalme na kuchorwa kwenye hariri, na katika masimulizi mengi ya hadithi ya Nyoka Mweupe mke huenda kuuiba mlimani ili amfufue mume wake. Lakini kuchorwa sana si sawa na kunywewa sana. Uyoga wa porini ulikuwa adimu, na hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na matangazo. Wanaposema mamilioni ya Wachina waliutumia kwa maelfu ya miaka, wanasahau kwamba mkulima wa kawaida hakuweza kuupata. Kilimo chake kwa wingi, kwenye magogo na mifuko ya maranda ya mbao, kilianza miaka ya 1970 tu. Uzoefu wa watu wengi na uyoga huu una umri wa mtu wa makamo.

Yupo mtu mmoja katika historia hii ambaye tungependa kila mseminari amjue. Ni Li Shizhen, tabibu aliyetumia yapata miaka 27 kuandika Bencao Gangmu, kitabu kikubwa kuliko vyote vya dawa za kale za China, chenye dawa 1,892. Alikimaliza mwaka 1578, kikachapishwa 1596, miaka mitatu baada ya kifo chake. Li aliiorodhesha zhi na matumizi yake kama walivyofanya waliomtangulia. Kisha akatoa maoni yake mwenyewe: kwamba huu ni uyoga unaotokana na uozo wa miti, kama uvimbe unaoota kwenye mwili wa mtu, na kwamba wanaodai ukiula utakuwa mtakatifu asiyekufa wamepotoka. Huyu si mzungu aliyekuja kubeza tiba ya Kichina. Ni bingwa wa tiba hiyo hiyo, mwanafunzi wa mapokeo yake, akipima yaliyorithiwa na kukataa yasiyosimama.

Kitabu rasmi cha dawa cha China cha leo kina kiasi. Lingzhi iliingizwa humo katika toleo la mwaka 2000. Inatajwa kwa ajili ya kukosa usingizi, mapigo ya moyo yanayosumbua, udhaifu wa mwili, kukosa hamu ya kula, kikohozi na kubanwa pumzi. Kipimo ni gramu 6 hadi 12 za uyoga mkavu kwa siku, za kuchemsha. Tafadhali kumbuka kipimo hicho, tutakirudia.

Maabara na wagonjwa

Katika lingzhi kuna makundi mawili ya kemikali yanayozungumzwa sana. La kwanza ni beta-glukani, aina ya sukari ndefu zilizofungamana ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Hizi huonekana kuziamsha chembe za kinga ya mwili. Si za lingzhi pekee. Zimo katika uyoga mamama tunaoulima kwenye mabua na katika uyoga mwingi tunaokula, na jamaa zake zimo katika shayiri. La pili ni triterpeni, ambazo ndizo zenye uchungu. Katika maabara triterpeni zimezuia seli za saratani zisizaliane na zimepunguza uvimbe kwa panya.

Hapa lazima tutue. Kuua seli za saratani ndani ya bakuli la kioo ni jambo rahisi. Hata sabuni ya unga ukiimwaga katika bakuli hilo itaziua. Kazi ngumu ni kuziua ndani ya mtu aliye hai bila kumdhuru, kwa kiasi kinachoweza kupita tumboni, kuingia kwenye damu na kufika panapohitajika. Dawa nyingi zinazong'ara kwenye bakuli hazivuki mto huo. Hatukatai kwamba kuvu na uyoga huzaa dawa. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aligundua mwaka 1928, ilitoka kwenye ukungu. Lakini ilibidi itengwe, isafishwe, ipimwe na kujaribiwa kwa wagonjwa kabla ya kuokoa watu. Hakuna aliyeponywa nimonia kwa kula mkate ulioota ukungu.

Basi tuangalie majaribio yaliyofanywa kwa watu.

Kuhusu saratani, watafiti wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote mazuri juu ya tiba fulani na kuyapima pamoja, walitoa ripoti mwaka 2012 na kuihuisha 2016. Walipata majaribio 5 yenye wagonjwa 373 kwa jumla. Wagonjwa waliopewa lingzhi pamoja na tiba ya kemikali au mionzi walionekana kuitikia tiba vizuri zaidi kuliko waliopata tiba hizo peke yake, na baadhi ya vipimo vya kinga vilipanda. Lakini majaribio yalikuwa madogo na yenye kasoro, na lingzhi peke yake haikuonyesha uwezo wa kusinyaza uvimbe. Hitimisho lao ni kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuitumia kama tiba ya kwanza ya saratani. Inaweza kufikiriwa kuwa msaidizi, kandokando ya tiba ya hospitali. Soma tena maneno hayo: pamoja na, wala si badala ya.

Kuhusu kisukari na moyo, habari ni fupi zaidi. Ripoti nyingine ya Cochrane, ya mwaka 2015, ilitazama majaribio 5 yenye watu 398 wenye kisukari cha aina ya pili na haikupata ushahidi kwamba lingzhi hushusha sukari, presha au mafuta kwenye damu kwa kiasi cha maana. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Australia kwa watu 84 wenye kisukari na matatizo yanayoambatana nacho. Walipewa gramu 3 kwa siku kwa majuma 16, wengine wakipewa kapsuli zisizo na dawa ili kulinganisha. Sukari haikubadilika.

Katekista mmoja mwenye kisukari alituuliza kama anaweza kuacha metformini yake, kwa kuwa ameanza kahawa ya uyoga na anajisikia mwepesi. Tulimwomba ageuze boksi asome viambato. Cha kwanza kilikuwa maziwa ya unga ya mimea, cha pili sukari. Uyoga ulikuwa wa mwisho, bila kuandikwa ni kiasi gani. Kahawa yenyewe ndiyo iliyomchangamsha, kama inavyomchangamsha yeyote. Na kama kila kipakiti kina chembe tu ya uyoga, kuzifikia zile gramu 6 za kipimo cha Wachina wenyewe kungemlazimu anywe vikombe vingi sana kwa siku, na sukari ingemmaliza kabla uyoga haujaanza kazi.

Upande wa faida, haki itendeke. Nchini China mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 132 wenye uchovu wa muda mrefu na msongo wa neva. Baada ya majuma 8, waliopewa dondoo la lingzhi walipata nafuu ya uchovu kuliko waliopewa kapsuli tupu, ingawa hata hao wa kapsuli tupu wengi walisema wamepata nafuu. Nchini Japani, mwaka 2008, wanaume 88 wenye shida ya kukojoa walipewa dondoo au kapsuli tupu kwa majuma 12. Dalili zilipungua kidogo kwa waliopata dondoo, lakini tezi dume haikupungua ukubwa wala mkojo haukutoka kwa kasi zaidi. Hizi ni dalili njema zinazostahili kufuatiliwa. Zinaendana pia na yale ambayo mapokeo mazito ya China yamesema muda wote: uchovu, usingizi, udhaifu. Kwa maoni yetu hapo ndipo mahali pa haki pa uyoga huu. Saratani, Ukimwi na ugumba viliongezwa na biashara.

Madhara na ile hadithi ya "sumu zinatoka"

Watu wengi wazima wakitumia lingzhi kwa muda mfupi hawapati shida kubwa. Wengine hukaukiwa mdomo na koo, hupata kizunguzungu, tumbo kuvurugika, muwasho au kutokwa damu puani. Linalotutia hofu zaidi ni jibu ambalo wauzaji wamefundishwa kulitoa mteja anapolalamika. Humwambia kwamba hizo ni sumu zinazotoka mwilini, kwamba ugonjwa lazima upande kabla haujashuka, na kwamba aongeze kipimo. Ni mafundisho mabaya. Kwa mantiki hiyo hakuna kitu kinachoweza kamwe kuonekana kuwa na madhara: ukipata nafuu ni dawa, ukiumwa zaidi pia ni dawa. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au ngozi ikitoka vipele, mtu aache mara moja na aende hospitali. Madaktari wa Hong Kong mwaka 2004 na wa Thailand mwaka 2007 waliandika juu ya wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia unga au kapsuli za lingzhi, na yule wa Thailand alifariki. Ni visa vichache, lakini vinatosha kuondoa neno "haina madhara kabisa" kwenye vipeperushi.

Wapo wanaopaswa kukaa mbali nayo isipokuwa daktari wao ameridhia. Kwanza ni wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, au aspirini ya kila siku, kwa kuwa lingzhi inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Kwa sababu hiyo hiyo anayesubiri upasuaji aiache majuma mawili kabla na amweleze daktari kwamba alikuwa akiitumia. Wengine ni waliopandikizwa figo na wanaotumia dawa za kutuliza kinga, maana kuichochea kinga ndiko hasa wasikokutaka. Wajawazito na wanaonyonyesha wasiitumie. Wanaotumia dawa za presha na kisukari wasiichanganye kimyakimya, na walio katika tiba ya kemikali wamwambie daktari wa saratani kila wanachokunywa, hata kama wanaogopa kukemewa.

Kuna pia swali la kilichomo ndani ya kopo. Mwaka 2017 watafiti walipima bidhaa 19 za reishi zilizonunuliwa Marekani. Tano tu ndizo zilizokuwa na kile kilichoandikwa kwenye kibandiko. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye maabara nyingi kiasi hicho, tusikubali haraka maneno "halisi kwa asilimia mia" yaliyoandikwa kwenye boksi. Kwa Tanzania, bidhaa za dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na waganga wa tiba asili na tiba mbadala husimamiwa na Baraza lao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Ni haki ya mnunuzi kuuliza namba ya usajili. Na kumbuka kwamba bidhaa iliyosajiliwa kama chakula au kirutubisho haijathibitishwa kutibu chochote.

Tunakumbuka foleni za magari za Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Kikombe kilikuwa shilingi 500, na watu walitoka mpaka nchi jirani. Wapo wagonjwa wa Ukimwi, kisukari na kifua kikuu walioweka dawa zao pembeni baada ya kunywa, na madaktari waliwapokea baadaye wakiwa hoi. Kikombe kile kilikuwa cha bei ndogo na cha mara moja. Huu wa leo ni wa kila siku na wa gharama, na familia maskini huweza kuuza mbuzi ili mgonjwa asikose boksi la mwezi.

Je, Mkristo anaweza kuutumia?

Hapa jibu ni jepesi. Uyoga ni kiumbe cha Mungu kama mwarobaini na tangawizi. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu na kutodharau dawa zitokazo ardhini, na katika Kitabu cha Tobiti malaika Rafaeli ndiye anayemwelekeza Tobia kutumia nyongo ya samaki kwa macho ya baba yake. Kwamba Watao waliuhusisha uyoga huu na kutokufa hakuufanyi kuwa najisi. Padre Michał Boym, Mjesuiti kutoka Poland aliyepitia Msumbiji akielekea China, alichapisha Vienna mwaka 1656 kitabu chake kuhusu mimea ya China, Flora Sinensis, na alijifunza tiba ya Wachina bila kuogopa kwamba imani yake itachafuka. (Wanaofanya utafiti wa historia ya umisionari wangefanya vema kumsoma.) Kinachokatazwa ni hirizi, kupiga ramli na kukitegemea kitu kana kwamba kina uwezo wa kimungu. Ukiona uyoga unauzwa pamoja na maombi maalumu yanayodaiwa kuuongezea nguvu, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

La kutufikirisha zaidi ni uuzaji wenyewe ndani ya jumuiya. Mwenzetu anapomshawishi mgonjwa anunue, naye anapata gawio kwa kila boksi, ushauri wake si ushauri wa ndugu peke yake tena. Tunaomba viongozi wa jumuiya wasiruhusu mikutano ya sala igeuke maonyesho ya bidhaa za afya. Wagonjwa hawana nguvu ya kukataa mbele ya wenzao.

Kwa yule ambaye tayari ana boksi nyumbani na hataki kulitupa: endelea na dawa zako za kliniki kama ulivyoandikiwa. Beba boksi lenyewe siku ya kliniki, umwonyeshe daktari au mfamasia, usilieleze kwa maneno tu. Mwenye presha apime presha, mwenye kisukari apime sukari, aandike namba kwenye daftari kabla ya kuanza na kila juma baada ya hapo, kwa maana kujisikia mwepesi hakuonyeshi sukari imefika wapi. Na anayetaka tu faida za uyoga kwa mwili anaweza kula uyoga mamama wa sokoni, wenye protini, madini ya potasiamu, vitamini za kundi B na hizo hizo beta-glukani. Ukiuanika juani kwa muda kabla ya kuupika, upande wenye mikunjo ukitazama juu, unajitengenezea vitamini D pia. Upike kwa nyanya na karanga, na uhakikishe umeiva vizuri.